Almasi za Rangi na Macho Yangu Mawili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga chafya, na almasi kumi na mbili zikaruka kutoka kwenye trei zikatoweka. Naanza na hiyo kwa sababu siku ya kuniaga, wenzangu wa maabara, mlinisihi niwaandikie "jinsi mambo yalivyokuwa," na nyuso zenu zilionyesha mnadhani yalikuwa mambo makubwa. Basi yalikuwa hivi: karani mpya wa miaka ishirini na miwili amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya maabara ya vito, anatafuta vijiwe vidogo kama ufuta, huku akijiuliza atasema nini nyumbani, mtaa wa Lucky Summer hapa Nairobi, ambako jana yake watu wa kanisa walijaa sebuleni kumshukuru Mungu kwa kazi hiyo hiyo.

Aliyepiga magoti kando yangu ni Bi Zuhura, mkuu wa maabara. Alikuwa mwanamke wa Lamu, mwembamba, mjukuu wa sonara, na yeye ndiye aliyenifundisha karibu kila ninachokijua. Hakunifokea. Alizima feni, akafunga mlango, akaniambia nivue viatu. Kumi na moja tulizipata chini ya meza. Ya mwisho aliitoa kwenye sweta langu, sweta la sufu alilonifumia mama, akaishika kwa kibano mbele ya pua yangu.

"Mwanangu," akasema, "hakuna kitu kigumu kama almasi duniani, na chafya yako imeishinda. Ukitaka kupiga nyingine, geukia ukuta. Na sweta hili libaki kwenu."

Kazi yangu ilikuwa kuandika bahasha: uzito wa jiwe, aina yake, na jina la aliyelileta. Sikutakiwa kuwa na maoni. Lakini mwaka haujaisha, nilijisahau nikaandika kwenye bahasha moja, "Almasi nyeupe, ila ina karangi ka chai kidogo." Bi Zuhura akaniita.

"Nani kakwambia ina chai?"

"Hakuna, Bi. Naona tu."

Akanimwagia almasi tano kwenye kadi nyeupe, zimelala kichwa chini, akaniambia nizipange kutoka iliyo safi mpaka iliyo na chai zaidi. Kwangu zote zilionekana kama maji. Nilizitazama mpaka machozi yakanitoka, kisha nikazipanga. Alizipindua, akasoma namba alizokuwa ameziandika pembeni: nilikuwa nimepatia zote. "Kesho bahasha ataandika mtu mwingine," akasema. Sikulala usiku huo kwa furaha, na mama alinipigia ukuta mara mbili nikome kutembea.

Miaka miwili ya kwanza nilishika nyeupe tu. Mnaijua kazi hiyo: almasi nyeupe inasifiwa kwa kukosa rangi. Ikiwa na umanjano kidogo, thamani inashuka. Ukizidi, inashuka zaidi. Kisha ikifika mahali fulani, mambo yanageuka juu chini. Umanjano unakuwa njano kamili, jiwe linaitwa almasi ya rangi, na kila tone la rangi linaloongezeka sasa linapandisha thamani. Siku Bi Zuhura aliponionyesha mpaka huo kwa mawe mawili, moja upande huu na jingine upande ule, nilicheka kwa sauti. Mawe hayo yalikaribiana rangi kama dada wawili. Moja sonara angelinunua kwa kusitasita. La pili angelipigania.

"Sasa lipindue," akaniambia. "Nyeupe tunaitazama mgongoni ili uso wake usitudanganye. Ya rangi tunaitazama usoni, maana uso ndio atakaouvaa mwenye pete."

Alinifundisha maswali matatu ya kuliuliza jiwe la rangi. Ni rangi gani hasa, na je, kuna rangi nyingine imejificha ndani yake? Ina giza kiasi gani? Na imekolea kiasi gani? Hili la tatu ndilo linalobeba pesa nyingi. Cheti kina maneno yake ya Kiingereza ya viwango hivyo, lakini mezani tulikuwa na yetu: imepita tu, imekaa, imekolea, inapiga kelele. Ndani ya jiwe la rangi kunaweza kuwa na kasoro ambazo zingeiaibisha almasi nyeupe, na bado likapendwa, mradi rangi yake inapiga kelele.

Mimi nilichanganya giza na kukolea kwa miezi. Jiwe likiwa jeusi-jeusi nilisema limekolea. Bi Zuhura alichoka akanituma Burma. Ndiyo, soko la nyama. "Nenda Jumamosi asubuhi," akasema, "usimame mbele ya mabucha uandike nyekundu zote unazoziona." Nilienda na daftari. Ini lilikuwa na giza lakini halikuwa limekolea. Nyama ya ng'ombe iliyochinjwa alfajiri ilikuwa imekolea bila giza. Mbuzi ilikuwa na waridi ndani yake. Ya jana ilikuwa imeanza kuingia kahawia pembeni. Nilikuwa nimeanza kuelewa, mwenye bucha, akinidhania mkaguzi wa jiji, aliponiuliza, "Madam, wewe ni wa kanjo?"

"Hapana, naangalia rangi tu."

Akageuka akamwita mwenzake kwa sauti. "Msee! Kuna mtu hapa anaangalia rangi! Toa hiyo ya jana!"

Sikuchanganya tena giza na kukolea. Nyama ya Burma naipenda mpaka leo, lakini nainunua asubuhi.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa kujua rangi imetoka wapi. Ardhi ina njia zake. Naitrojeni kidogo ndani ya jiwe huleta njano, na boroni huleta bluu. Kijani hutokana na mionzi ya miamba iliyolala karibu na jiwe kwa muda mrefu kuliko akili inavyoweza kushika. Waridi huja pale jiwe linapobanwa na kupindwa chini huko bila kuvunjika. Binadamu naye amejifunza kupika rangi, kwa moto, kwa mionzi, au kwa kupaka tu. Kupika si kosa likisemwa. Lakini jiwe lililopikwa halikaribii thamani ya lile lililozaliwa na rangi yake, na wengi hawasemi. Mzee mmoja alituletea almasi ya waridi aliyoinunua safarini, anaimba kwa furaha. Nilipoipitishia pamba yenye spiriti, waridi yote ikahamia kwenye pamba. Aliitazama pamba kwa muda mrefu. "Sasa," akauliza, "ndiyo nivae hiyo pamba?"

Nilikuwa na miaka mitano kazini wakati Bi Zuhura aliponiachia kwa mara ya kwanza kupokea jiwe la mteja peke yangu, kuanzia mlangoni hadi kwenye sefu. Ilikuwa Ijumaa mchana. Mteja alikuwa Mzee Barasa, dereva mstaafu wa gari la moshi, pamoja na binti yake Nekesa, mwalimu aliyekuwa akiishi mtaa wa Tassia. Mke wa mzee alikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi alimtunza mama mmoja mzee asiye na watoto. Mama huyo alipokaribia kufa alimpa pete yake, na barua ya kuthibitisha. Sasa muuguzi naye alikuwa amefariki, na Nekesa alikuwa anakaribia kuolewa. Mzee alitaka kumpa pete ya mamake, lakini kwanza ajue anampa nini.

Nililitoa jiwe kwenye pete mbele yao, kwa ruhusa yao. Lilikuwa kijani cha zeituni chenye kijivu ndani yake, zuri kwa namna ya kimya. Nilipima uzito, nikachora alama zake za ndani, nikaandika "kijani" kwa mkono wangu, mzee akatia sahihi. Jiwe likaingia kwenye karatasi, karatasi kwenye bahasha, bahasha kwenye sefu. Nikaenda nyumbani nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo, ingawa sikuwa nimepandishwa chochote.

Jumatatu asubuhi walirudi. Nililetewa bahasha ikiwa bado imefungwa, nikaikata mbele yao, nikaifungua karatasi.

Jiwe lilikuwa la njano.

Sitaki kuwaficha. Ilikuwa njano ya samli, haina ubishi. Nekesa aliinuka polepole.

"Hii si jiwe ya mama," akasema.

"Dada, bahasha imefungwa na sahihi ya mzee iko..."

"Usiniite dada! Mama alivaa hiyo pete kila siku ya maisha yangu. Ilikuwa green. Wewe mwenyewe umeandika hapo kijani. Jiwe ya mama iko wapi?"

Mzee Barasa hakupiga kelele, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema tu, "Binti, Ijumaa ulisema unatoka Lucky Summer, na watu wa huko nawajua. Nimesali nao. Kama kuna kitu kilitokea, sema sasa, kabla hatujaita polisi."

Niliwaza mambo mengi kwa dakika moja. Niliwaza kwamba ufunguo wa sefu Ijumaa ulikuwa na mimi. Niliwaza jinsi jina langu lingezunguka kutoka Tassia hadi Baba Dogo kabla ya jioni: yule binti wa Kioko, aliyeiba jiwe la marehemu. Nilijua sikuligusa. Lakini macho yangu yalikuwa yanaona njano, na mkono wangu ulikuwa umeandika kijani.

Bi Zuhura aliingia kwa sababu ya kelele. Hakuniangalia. Alichukua jiwe kwa kibano, akaliweka kwenye mizani, akaandika namba. Akaliweka chini ya hadubini kando ya mchoro wangu, akatazama kimoja, akatazama kingine. Kisha akaliweka kwenye trei nyeupe chini ya taa, akawageukia.

"Uzito ni ule ule, mpaka tarakimu ya mwisho. Na alama za ndani ni zile zile. Hizi huwezi kuziiga, mzee wangu. Ni kama mistari ya kidole."

"Kwa hivyo unataka kuniambia sijui jiwe ya mamangu?" Nekesa alikuwa analia sasa. "Mnalindana hapa!"

"Silindi mtu. Nasema ninachokiona."

"Basi hata mimi nasema ninachoona! Hiyo ni yellow!"

Wakabishana. Nilikuwa nimesimama na mgongo ukutani. Na katikati ya ubishi huo Mzee Barasa, aliyekuwa ameinamia trei, aliinua mkono kama anayesimamisha garimoshi.

"Nyamazeni," akasema. "Hii kitu inabadilika."

Tukainama wote wanne. Njano ilikuwa imeanza kuzama. Haikuondoka ghafla. Ilikuwa kama maji ya chai yanapomiminiwa maziwa taratibu. Kijivu kiliingia kwanza, kisha kijani kikapanda kutoka ndani, kikaenea, kikakaa. Kabla hatujamaliza kuamini, almasi ya muuguzi ilikuwa imelala pale, kijani cha zeituni, kama ilivyokuwa Ijumaa.

"Kijani," akasema Mzee Barasa kwa sauti nzito. "Nimefuata taa za reli maisha yangu yote. Hicho ni kijani."

Bi Zuhura alipiga makofi kama mtoto. Nilikuwa sijawahi kumwona akipoteza utulivu, wala sikumwona tena. "Kinyonga!" akapaza sauti. "Nimezisoma tangu ujana wangu, sijawahi kuishika hata moja! Ni almasi kinyonga! Ikikaa gizani siku moja mbili inageuka njano, ikipata mwanga inarudi!" Jiwe lilikuwa limekaa kwenye sefu tangu Ijumaa, na marehemu alikuwa akilivaa kidoleni mchana kutwa. Nani angeiona njano yake?

Kwa ruhusa ya mzee alilipasha joto kidogo juu ya taa ya spiriti, maana kinyonga hubadilika na kwa joto pia. Likageuka njano mbele yetu, likapoa, likarudi kijani. Nekesa alisema, "Rudia!" Watu wa ofisi ya jirani walikuja, na mlinzi wa ngazi, na mama wa chai akiwa na birika mkononi. Tulirudia mara tatu, kisha Bi Zuhura akasema jiwe nalo lina haki ya kupumzika.

Ndipo Nekesa akauliza thamani yake. Bi Zuhura alimweleza kama alivyonieleza mimi: kijani chenyewe kikipimwa peke yake hakikuwa kinapiga kelele, na kijivu ndani yake kingeishusha bei. Lakini vinyonga ni wachache mno, na hajasikika mtu yeyote aliyeweza kuitengeneza tabia hiyo kiwandani, kwa hiyo kubadilika kwenyewe ni ushahidi kwamba rangi ni ya ardhi. Wako watu duniani wanaozikusanya. Wangelinunua jiwe hilo kwa bei ambayo Mzee Barasa alipoisikia aliomba kiti, ilhali alikuwa ameshakaa.

"Tunauza?" Nekesa akamwuliza babake.

Mzee alitafakari. "Mama yako alilivaa akiosha vyombo," akasema. "Wewe pia utalivaa. Lakini vyombo ataosha bwana yako."

Walipoondoka nilikaa chini. Bi Zuhura alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Nina neno," akasema. "Nilipoingia, kabla ya kusema lolote, nilipima kwanza. Unajua kwa nini?"

"Ndiyo utaratibu, Bi."

"La. Nilikushuku. Kwa muda wa kupima jiwe, nilikushuku. Nisamehe."

Nilimwambia hakuna cha kusamehe, kwamba hata mimi nilikuwa karibu kujishuku. Tulicheka mpaka mama wa chai akarudi kuona kama kinyonga amegeuka tena. Jumamosi Nekesa alikuja kuomba msamaha kwa desturi ya kwao magharibi mwa Kenya, yaani na kuku mzima, hai, mwekundu, ambaye alitoroka mikononi mwake akakimbia juu ya meza ya mizani. Mizani hiyo haikuwahi kuwa sawa tena mpaka ikabadilishwa.

Bi Zuhura alistaafu akarudi Lamu, nami nikakaa kwenye kiti chake. Miaka hiyo mnaijua, maana wengi wenu mlikuwepo, kwa hiyo naruka hadi mwaka jana.

Achieng', hii ni yako, na naiandika mbele ya wenzako makusudi.

Ililetwa almasi ndogo, nyepesi rangi. Niliitazama usoni, nikaandika "kijivu hafifu." Kijivu hafifu hakimfurahishi mtu. Achieng', uliyekuwa ukihakiki kazi yangu, ulikuja na jiwe mkononi na uso wa mtu aliyetumwa kwa mkwe.

"Mama Mwende, samahani. Mimi naona bluu."

"Ni kijivu, mwanangu. Tazama tena."

"Nimeitazama mara nne. Na mashine inasema boroni."

Ningeweza kukunyamazisha. Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi mezani, wewe ulikuwa na minne. Nilichukua jiwe nikiwa nimekasirika kidogo, nikakubali hivyo kimoyomoyo, nikafumba jicho moja ili nitulie. Kwa jicho la kulia niliona bluu, hafifu lakini bluu. Nikalifumba la kulia, nikafungua la kushoto. Kijivu. Nikachukua karatasi nyeupe kutoka kwenye printa. Kwa jicho la kulia ilikuwa nyeupe. Kwa la kushoto ilikuwa kama gazeti lililofungiwa samaki.

Daktari aliuita ugonjwa huo mtoto wa jicho, na akasema hata la kulia limeanza. Ni ukungu unaoingia pole pole, wenye umanjano, na unameza bluu kwanza. Mwenye jicho hajui, kwa sababu ulimwengu mzima unageuka pamoja naye. Nilikuwa nimefundisha watu kuona rangi huku rangi zikinitoka.

Asubuhi iliyofuata niliomba kila cheti cha almasi ya rangi nilichokitia sahihi mwaka huo kihakikiwe upya. Mkurugenzi alisema si lazima, kwamba tungejiaibisha. Nilimwambia kama si lazima basi niondoke leo. Vilihakikiwa vyote. Vitatu vilibadilika, na niliwapigia simu wenye mawe mimi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alinitukana, na alikuwa na haki. Kisha nikaandika barua ya kustaafu, nikaenda kufanyiwa upasuaji, jicho moja kwanza, la pili wiki chache baadaye.

Nilirudi mara moja tu, kukabidhi funguo. Ile almasi ndogo ilikuwa bado kwenye sefu, ikingojea mwenyewe aje na kuchukua cheti kipya. Achieng', uliniuliza kama nataka kuiona. Uliiweka kwenye trei, ukawasha taa, ukasogea pembeni.

Nyinyi mliokuwa chumbani mlipoona machozi yangu mlidhani jicho linaniuma. Achieng' ulikimbilia kitambaa, ukaniuliza umwite nani. Sikuweza kukujibu wakati ule, kwa hiyo nakujibu sasa. Haikuwa maumivu. Ilikuwa bluu, Achieng', bluu ya kweli, kwa macho yote mawili, na sikujua ni miaka mingapi nilikuwa sijaiona. Ndiyo maana niliomba unipe kiti, na ndiyo maana mlichelewa kufunga ofisi siku hiyo, mkimsubiri bibi kizee mmoja aliyekuwa hataki kuinuka.